Barua za John Adams na Thomas Jefferson, 1812–1826: Siri, Upatanisho na Kimya

UTANGULIZI

Barua ya kirafiki ni chanzo cha historia chenye matatizo yake. Aliyeiandika hakumwandikia mwanahistoria. Alimwandikia mtu mmoja aliyemjua, katika siku fulani, kwa haja fulani. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi huichukulia barua kuwa ni mahali ambapo mwandishi husema kweli yote, kwa kuwa hana msikilizaji ila rafiki yake. Dhana hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi. Barua husafiri. Hupita mikononi mwa watu, hunakiliwa, huhifadhiwa, na mara nyingine huchapishwa hali mwenyewe yungali hai. Mtu aliyeshika kalamu katika Marekani ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa alilijua jambo hilo vyema, na aliyapima maneno yake kwa kadiri ya ujuzi huo.

Makala haya yanazichunguza barua ambazo John Adams wa Massachusetts na Thomas Jefferson wa Virginia, Rais wa pili na Rais wa tatu wa Marekani, waliandikiana katika uzee wao, tangu Januari 1812 hadi Aprili 1826. Barua hizo zinahesabiwa kuwa 158. Adams aliandika 109 na Jefferson 49. Zimesomwa sana kama hazina ya mawazo juu ya siasa, dini na falsafa. Hapa zinatazamwa kwa upande mwingine, yaani zile barua zilifanya kazi gani baina ya watu wawili waliokwisha kugombana. Mara tatu katika maisha yao maneno ya siri ya mmoja wao juu ya mwenzake yalipigwa chapa na kusambazwa: mwaka 1791, mwaka 1813 na mwaka 1823. Mara ya kwanza urafiki ulianza kuvunjika. Mara ya pili uliyumba. Mara ya tatu haukutikisika. Hoja inayotolewa ni kwamba tofauti hiyo ililetwa na mazoea ya kuandikiana. Hata hivyo, mazoea hayo yalikuwa na mpaka wake, nao ni suala la utumwa. Hapana budi mpaka huo nao uonyeshwe, kwani bila ya hivyo sifa ya barua hizo itakuwa nusu ya habari.

BARUA NA NJIA YAKE

Katika miaka hiyo kupeleka barua hakukuwa jambo jepesi. Bahasha zilikuwa hazijaenea. Mwandishi aliikunja karatasi yenyewe, akaandika upande wa nje jina la mwandikiwa na mahali alipo, kisha akaifunga kwa lakiri na kuipiga muhuri. Stempu za serikali kuu hazikutolewa nchini humo hadi mwaka 1847, na kwa kawaida aliyelipa ada alikuwa mpokeaji. Ada ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Kwa sheria ya mwaka 1816, barua ya karatasi moja iliyokwenda zaidi ya maili 400 ilitozwa senti 25, na yenye karatasi mbili ilitozwa maradufu. Gazeti, kwa upande wake, halikuzidi senti moja na nusu hata likienda mbali kiasi gani. Ndiyo kusema kwamba serikali iliyapunguzia bei maneno ya hadhara na kuyatoza ghali maneno ya faragha. Adams na Jefferson waliepukana na mzigo huo, kwa kuwa Kongresi iliwapa marais hao waliostaafu ruhusa ya kutumia posta bila malipo. Raia wa kawaida hakuwa na ruhusa hiyo, na kwake barua ya mbali ilikuwa gharama ya kufikiriwa mara mbili.

Pamoja na ughali huo, posta ilikua kwa haraka. Mwaka 1790 nchi nzima ilikuwa na ofisi za posta 75. Mwaka 1830 zilikuwa 8,450. Barua zilichukuliwa kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa na farasi. Mwendo wake waweza kupimwa kwa mfano mmoja. Barua ya kwanza ya Jefferson katika mfululizo huu ilipigwa muhuri katika posta ya Milton, Virginia, tarehe 23 Januari 1812, na Adams akaletewa nyumbani kwake Quincy, karibu na Boston, tarehe 1 Februari. Ni siku tisa, katikati ya majira ya baridi. Jibu liliandikwa tarehe 3 Februari. Hivyo mwenye kuuliza swali alihitaji kungoja takriban wiki tatu ndipo apate jibu, hata kama mwenzake hakuchelewa kamwe. Muda huo ulikuwa na faida yake, kama itakavyoonekana.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba barua ilikuwa na nakala. Jefferson alitumia mashine iliyoitwa poligrafu, yenye kalamu mbili zilizounganishwa, hata alipoandika kwa moja, ya pili ikaandika maneno yale yale katika karatasi ya pembeni. Adams naye alikuwa na madaftari ya kunakilia. Kila mmoja alijua kwamba maneno yake yangebaki sehemu mbili. Usiri pia haukuwa na hakika. Sheria ya posta ya mwaka 1792 ilimwadhibu mtumishi wa posta aliyefungua barua ya mtu, lakini katika miaka ya ugomvi mkali wa vyama Jefferson alikuwa akiogopa kuyaandika mawazo yake ya kisiasa, kwa kutoiamini posta. Barua ya rafiki, basi, iliandikwa na mtu aliyesema na mmoja huku akijua kwamba huenda wengi wakasikia.

URAFIKI ULIVYOVUNJIKA

Adams na Jefferson walikutana Philadelphia mwaka 1775, katika baraza la makoloni yaliyokuwa yakipigana na Uingereza. Adams alikuwa na umri wa miaka 39, mwanasheria mfupi, mnene na mwepesi wa hasira. Jefferson alikuwa na miaka 32, mrefu na mkimya. Mwaka uliofuata wote wawili walikuwa katika kamati ya watu watano iliyopewa kazi ya kulitunga Tangazo la Uhuru. Baadaye walikuwa mabalozi Ulaya, Adams London na Jefferson Paris. Mwaka 1787 binti mdogo wa Jefferson, Mary, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alipofika London kutoka Virginia, aliyempokea na kumtunza ni Abigail, mkewe Adams. Mtoto huyo alifuatana na mtumwa wa nyumba ya Jefferson, Sally Hemings, msichana wa miaka 14. Urafiki ulikuwa wa nyumba mbili, wala si wa watu wawili tu.

Mwaka 1791 Adams alikuwa Makamu wa Rais, na Jefferson alikuwa waziri wa mambo ya nje. Jefferson alikuwa ameazima nakala ya kitabu cha Thomas Paine juu ya haki za binadamu, akatakiwa aipeleke kwa mpiga chapa. Aliifungia ndani yake kikaratasi cha adabu, akasema anafurahi kwamba hatimaye kitu kitasemwa hadharani dhidi ya uzushi wa kisiasa uliozuka miongoni mwao. Mpiga chapa akakiweka kikaratasi hicho mwanzoni mwa kitabu. Watu wote waliosoma magazeti walifahamu kwamba mzushi aliyekusudiwa ni Adams, ambaye makala zake zilikuwa zimedhaniwa kuupendelea utawala wa kifalme. Jefferson hakumwandikia mwenzake kumweleza hadi tarehe 17 Julai, baada ya kelele za miezi miwili. Waliandikiana kwa heshima, lakini jeraha lilibaki.

Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1796 Adams alimshinda Jefferson kwa kura 71 dhidi ya 68, na kwa utaratibu wa siku hizo aliyeshindwa akawa Makamu wa Rais. Tarehe 28 Desemba 1796 Jefferson alimwandikia Adams barua ya kumtakia heri, yenye upole mwingi. Badala ya kuituma moja kwa moja aliipeleka kwanza kwa rafiki yake James Madison, amwachie yeye kuamua. Madison akaizuia. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba itakuwa hatari kumwachia Adams maandishi ya sifa kama hizo, ilhali huenda kesho Jefferson akalazimika kumpinga. Barua ambayo pengine ingaliweza kuuokoa urafiki haikufika, kwa sababu mtu wa tatu aliisoma kama hati ya kisiasa na si kama neno la rafiki. Yafaa kusema pia kwamba Madison hakukosa akili: katika hali ya vyama ilivyokuwa, barua yoyote ingeweza kugeuzwa kuwa silaha.

Uchaguzi wa mwaka 1800 ulikuwa mchafu kuliko uliotangulia. Jefferson alishinda, na alfajiri ya tarehe 4 Machi 1801 Adams aliondoka Washington bila kungoja kumwona mwenzake akiapishwa. Tangu hapo kulikuwa kimya.

Kimya hicho kilivunjwa mara moja na mwanamke. Mary, yule mtoto aliyelelewa London, alikufa mwezi wa Aprili 1804 akiwa na umri wa miaka 25. Abigail alimwandikia Jefferson barua ya rambirambi tarehe 20 Mei. Jefferson alijibu kwa shukrani, lakini akaongeza kwamba ni tendo moja tu la Adams lililomuudhi yeye binafsi, nalo ni kuwateua mahakimu na maofisa katika siku za mwisho za utawala wake. Abigail hakulivumilia neno hilo. Alimkumbusha jinsi alivyomsaidia kwa fedha James Callender, mwandishi aliyemtukana mumewe magazetini. Barua saba zilipita baina yao, na mwezi wa Oktoba Abigail akayafunga mazungumzo. Mumewe hakuwa na habari. Alipozisoma nakala zake mwezi wa Novemba aliandika chini yake kwamba mambo hayo yote yalianzishwa na kuendeshwa bila ya yeye kujua wala kushuku, na kwamba hana la kusema. Hapa rambirambi iligeuka mashtaka kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na deni la maneno lisilolipwa.

MPATANISHI

Aliyewarudisha pamoja ni daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, ambaye naye alilitia sahihi Tangazo la Uhuru. Alikuwa akiandikiana na wote wawili. Mwezi wa Oktoba 1809 Rush alimwandikia Adams kwamba ameota ndoto: amekiona kitabu cha historia kinachosimulia jinsi marais wawili waliostaafu walivyoufufua urafiki wao kwa barua, kisha wakafa karibu wakati mmoja. Adams aliipokea ndoto hiyo kwa mzaha, na miaka miwili ikapita.

Mwaka 1811 kijana mmoja wa Virginia, Edward Coles, jirani yake Jefferson, alimtembelea Adams huko Quincy. Katika mazungumzo Adams alitamka kwamba amempenda Jefferson siku zote na bado anampenda. Neno hilo lilipomfikia Jefferson alimwandikia Rush kwamba hilo linamtosha. Rush akampasha Adams habari, na tarehe 1 Januari 1812 Adams akachukua kalamu.

Barua yake ilikuwa fupi, tena ya mzaha. Alisema anampelekea Jefferson kwa posta vipande viwili vya kazi ya mikono ya nyumbani, kwa kuwa anajua mwenzake anapenda vitu vinavyotengenezwa nchini. Barua ilitangulia, kifurushi kikachelewa. Jefferson alidhani ni kitambaa, akajibu kwa maelezo marefu juu ya ufumaji wa nguo katika nyumba za Virginia. Kifurushi kilipofika kilikuwa vitabu viwili vya mihadhara juu ya ufasaha wa kusema, vilivyotungwa na John Quincy Adams, mwanawe Adams. Mzaha huo uliwapa wazee wawili njia ya kuanza bila ya mmoja wao kuomba radhi. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea waraka unaofunguliwa kwa salamu na kuuliza hali kabla ya kuingia katika haja, ataitambua hekima hiyo: jambo zito halifunguliwi mlango kwa kishindo.

MAZUNGUMZO YA WAZEE

Upatanisho haukukamilika siku hiyo. Mtihani ulikuja mwaka 1813. Kitabu cha kumbukumbu za mchungaji mmoja Mwingereza, kilichotolewa London mwaka 1812, kilikuwa na barua ambayo Jefferson alimwandikia mwanasayansi Joseph Priestley mwezi wa Machi 1801, yenye maneno makali juu ya utawala uliokuwa umemalizika wa Adams. Nakala ilimfikia Adams, naye mwezi wa Juni 1813 akamtaka mwenzake maelezo. Barua zake za majira hayo zilifuatana mbio, moja kabla nyingine haijajibiwa. Jefferson alijibu kwamba ile ilikuwa barua ya siri isiyokusudiwa kuchapishwa, na kwamba lawama zake zilikuwa za chama kizima wala si za Adams peke yake.

Jibu hilo halikumaliza yote, lakini Adams hakuyafunga mazungumzo kama alivyofanya mkewe mwaka 1804. Tarehe 15 Julai 1813 alimwandikia kwamba haifai wao wawili wafe kabla ya kuelezana. Neno hilo ndilo ufunguo wa barua zote. Hakusema wakubaliane; alisema waelezane. Tangu hapo walijadiliana juu ya Mapinduzi ya Ufaransa, juu ya kama kuna watu waliozaliwa kuwa viongozi kwa vipawa na tabia njema, juu ya dini, juu ya asili ya wenyeji wa Amerika, na hata juu ya kama mtu angependa kuyaishi tena maisha yake tangu mwanzo. Jefferson alisema angekubali. Katika mengi walibaki mbalimbali. Faida ya zile wiki tatu za kungoja ilionekana hapa: hasira iliyoandikwa Jumatatu ilijibiwa na mtu aliyekwisha kuilalia.

Ile hesabu ya 109 kwa 49 nayo ina maana. Adams aliandika zaidi ya mara mbili, naye hakulalamika. Jefferson alikuwa amezongwa. Alimweleza mwenzake mwaka 1822 kwamba alizihesabu barua alizoletewa katika mwaka mmoja akazikuta 1,267, nyingi zikiwa za watu asiowajua, na ilimpasa kuzijibu kwa mkono ambao kifundo chake kilivunjika Paris mwaka 1786. Mikono ya Adams ilikuwa ikitetemeka, hata akawa anawasomea wajukuu wamwandikie. Kwa hali hizo kila barua ilikuwa kazi ya mwili.

Kisha vilikuja vifo. Rush alikufa mwezi wa Aprili 1813. Mwezi wa Agosti mwaka huo binti yake Adams alikufa kwa saratani ya titi. Abigail alikufa tarehe 28 Oktoba 1818. Jefferson alisoma habari hiyo magazetini na akaandika tarehe 13 Novemba barua fupi, akisema kwamba yeye mwenyewe amejifunza katika misiba yake kwamba dawa ni wakati na kimya tu, na kwamba hataongeza huzuni ya mwenzake kwa maneno mengi. Rambirambi ya mwaka 1804 ilibeba madai ndani yake. Hii ya mwaka 1818 haikudai chochote.

MTIHANI WA MWISHO

Mwaka 1823 maneno ya siri yalichapishwa mara ya tatu, na safari hii mwenye maneno alikuwa Adams. Baina ya mwaka 1803 na 1812, akiwa bado na uchungu wa kushindwa, alikuwa amemwandikia jamaa yake William Cunningham barua nyingi zenye lawama kali juu ya Jefferson, kwa ahadi kwamba hazitatolewa maadamu yu hai. Cunningham alikufa, na mwanawe akazichapisha Boston, wakati John Quincy Adams alipokuwa akijiandaa kugombea urais. Adams alikuwa na umri wa miaka 87. Aliyekosewa alikuwa Jefferson, na kila mtu alingoja kuona atasema nini.

Jefferson hakungoja miezi miwili kama mwaka 1791. Tarehe 12 Oktoba 1823 alimwandikia mwenzake kwamba dondoo za kitabu hicho zimemfikia, na kwamba asisumbuke. Alisema ingekuwa ajabu wazee wa umri wao wakubali mtu mwingine awaondolee utulivu na kuupanda uadui katika urafiki wa karibu nusu karne. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti mezani kwa Adams, wakati wa kifungua kinywa, mbele ya jamaa zake. Wote wakapaza sauti kwamba ni barua bora kuliko zote zilizopata kuandikwa, na kwamba yafaa ichapishwe. Adams alikataa: haichapishwi bila idhini ya Bwana Jefferson mwenyewe.

Katika jibu hilo dogo historia yote ya urafiki wao inaonekana. Mwaka 1791 mpiga chapa alikitoa kikaratasi bila kumwuliza mwenyewe. Mwaka 1796 Madison aliizuia barua kwa kuiogopa kesho. Mwaka 1823 mzee aliyeletewa barua ambayo ingemletea yeye na mwanawe sifa kubwa aliiweka chini, akangoja ruhusa. Miaka kumi na moja ya kuandikiana ilikuwa imemfundisha kila mmoja kwamba maneno aliyopewa na rafiki ni amana.

YALIYOACHWA KIMYA

Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo amana hiyo haikuligusa kwa kina. Jefferson aliwamiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Adams hakupata kumiliki mtumwa hata mmoja. Hapana tofauti kubwa kuliko hiyo baina ya maisha ya Quincy na ya Monticello, na hapana iliyozungumzwa kidogo zaidi.

Jefferson hakukosa kuulizwa. Edward Coles, yule yule aliyelileta neno la Adams mwaka 1811, alimwandikia tarehe 31 Julai 1814, akimwomba aongoze juhudi za kuukomesha utumwa Virginia. Jefferson alijibu tarehe 25 Agosti kwamba utumwa ni dhuluma, lakini kazi hiyo ni ya vijana, yeye amezeeka. Akamshauri Coles asiwaache watumwa wake wala asiihame nchi yake. Coles hakuufuata ushauri huo. Mwaka 1819 aliwachukua watumwa wake kuelekea Illinois na kuwapa uhuru njiani. Yafaa ikumbukwe kwamba Jefferson aliyejiona mzee mno kwa jambo hilo aliendelea kuandika juu ya mambo mengine yote kwa miaka kumi na miwili zaidi.

Ubishi wa jimbo la Missouri ulipozuka mwaka 1819, kama lipokewe likiwa na utumwa au la, suala hilo liliingia katika barua za wazee hawa, likapita kama kivuli. Mwezi wa Februari 1821 Adams aliandika kwamba kwa nusu karne ameuona utumwa ukining'inia juu ya nchi kama wingu jeusi, na kwamba kwa hofu yake amekuwa akiwaambia mabwana wa Kusini kuwa jambo hilo anawaachia wao. Mtu aliyedai maelezo juu ya kila neno la mwaka 1801 hakudai maelezo hapa. Walikuwa wamejifunza jinsi ya kuutunza urafiki, na sehemu ya ujuzi huo ilikuwa kujua mahali pa kunyamaza. Gharama ya kimya hicho haikulipwa nao.

Si kwamba waliotumikishwa hawakuwa na la kuandika. Tarehe 15 Novemba 1818, siku mbili baada ya ile rambirambi kwa Adams, mwanamke aitwaye Hannah, mtumwa katika shamba la pili la Jefferson, Poplar Forest, alimwandikia bwana wake barua. Alimjulisha kwamba nyumba na vyombo vyake viko salama, akasema amesikitika kusikia kwamba ugonjwa umemzuia kuja, na akamkumbusha kwamba kupona kwake kumetoka kwa Mungu wala si kwa mwingine. John Hemmings, seremala stadi, naye alimwandikia Jefferson habari za kazi katika shamba hilo. Barua kama hizo ni chache. Tangu mwaka 1802 sheria iliagiza kwamba mtu asiyekuwa mweupe aliye huru asiajiriwe kuchukua barua za posta, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1865. Mwaka 1831 Virginia ilipiga marufuku mikutano ya kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Njia ile ile iliyowaunganisha wazee wawili kwa siku tisa ilifungwa kwa makusudi mbele ya wengine.

HITIMISHO

Barua ya mwisho ya Jefferson kwa Adams ni ya tarehe 25 Machi 1826. Ndani yake alimwomba ampokee mjukuu wake, aliyetamani kumwona. Adams alijibu tarehe 17 Aprili. Tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Tangazo la Uhuru, wote wawili walikufa, Jefferson mchana na Adams jioni. Ndoto ya Rush ilikuwa imetimia.

Jefferson aliacha madeni ya zaidi ya dola 100,000. Wosia wake uliwapa uhuru watu watano, mmoja wao mhunzi Joseph Fossett. Mwezi wa Januari 1827 watu 130 wa Monticello walipigwa mnada. Miongoni mwao walikuwa Edith, mkewe Fossett, na watoto wao. Mtoto wao Peter, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alinunuliwa na bwana mpya aliyemkataza vitabu. Akaendelea kusoma na kuandika kwa siri. Maandishi yake moja hayakuwa barua wala hayakuwa na salamu: ilikuwa hati ya bandia ya mtu huru, aliyomwandikia dada yake Isabella. Kwa karatasi hiyo Isabella alisafiri kutoka Virginia hadi Boston, karibu kabisa na Quincy, akifuata kwa miguu yake njia ambayo barua za Jefferson zilikuwa zikiifuata bila malipo.